Mlima wa Mama Mvumo

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na dada yetu, karatasi mliyogawiwa pale mlangoni ina ukurasa mmoja na picha, na kwenye mstari wa kumi na moja imeandikwa kwamba marehemu ndiye aliyerekodi sauti ya mlima unaovuma, akapewa tuzo kwa kazi hiyo. Mstari huo ulichapwa juzi, kabla familia haijakaa kikao, na si wa kweli. Historia itakayosomwa sasa ni ndefu kuliko ile, imetungwa na mdogo wake wa mwisho kutoka katika daftari aliloliacha mwenyewe, na ndiye anayeisoma, kwa sababu wakubwa wake wote waliombwa wakakumbuka ghafla kwamba hawaoni vizuri bila miwani.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba aliyekuwa mlinzi wa geti la kiwanda hicho na mama aliyekuwa akifua nguo za watu, na kwa kuwa mitambo ilinguruma mchana kutwa, sisi watoto wote wa nyumba ile tulikua tukizungumza kwa kupiga kelele, isipokuwa yeye, aliyezungumza chini chini na kusikia kila kitu. Mama alikuwa akisimulia kwamba alipokuwa na miaka minne tu aliweza kusema ni mashine ipi imezimwa kiwandani, kwa hiyo alijua kabla ya mtu yeyote kwamba zamu ya baba imeisha, na chai ikawekwa mezani. Jina la Masikio alipachikwa na watoto wa mtaani kwa ubaya, likamganda, na alipokuwa mtu mzima akalifanya lake, akawa anajitambulisha nalo hata kwenye simu.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na kiwanda kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, na sekondari ya wasichana kuanzia 1977 hadi 1980, ambako aliwahi kumwambia mwalimu wa muziki mbele ya darasa zima kwamba kinanda chake kimelegea, jambo lililokuwa kweli, na akachapwa kwa sababu lilikuwa kweli. Mwaka 1982 alijiunga na chuo cha utangazaji kusomea ufundi wa sauti, mwanamke pekee katika darasa la watu kumi na wanne, akamaliza mwaka 1984 akiwa wa kwanza, na tarehe 1 Julai mwaka huo huo akaajiriwa redioni. Wenzake wa wakati ule, ambao baadhi yenu tunawaona hapa, mnajua alivyokuwa mgumu, kwamba hakukubali kuazima sauti ya kitu kimoja akakipa kitu kingine, akitakiwa kuleta mlio wa mlango aliutafuta mlango, na akitakiwa kuleta mvua aliingoja mvua.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na fundi wa mafriji, shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, ambaye alikutana naye siku aliyoitwa kutengeneza kiyoyozi cha studio, akamkuta binti amekaa kwenye kiti kirefu akimweleza, kabla hata hajafungua mkoba wa vifaa, kwamba feni ya nyuma imepinda na inagusa waya. Shemeji akauliza, "Sasa mimi nimeitwa kufanya nini?" naye akajibu, "Kufungua skrubu." Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1989 na mwana aliyezaliwa mwaka 1993, na nyumba yao, ile ya ghorofa ya pili juu ya duka la rangi, ilikuwa na kila kitu kizima isipokuwa friji, walilolinunua mtumba mwaka 1998, ambalo lilinguruma, likakwama kidogo kama mtu aliyepaliwa, kisha likaendelea kunguruma, na ambalo shemeji aliahidi kulitengeneza Jumamosi ijayo kwa muda wa miaka sita. Mganga hajigangi, na shemeji hakatai.

Mwaka 1996 marehemu alihamia televisheni, na mwaka 2001 akawa mkuu wa sauti wa kipindi mnachokijua wote, Mbona Hivi?, cha nusu saa kila Jumamosi saa moja jioni, kilichokuwa kikionyesha mambo ya maumbile ambayo mtu akisimuliwa hasadiki, samaki wadogo walioanguka na mvua juu ya paa la hospitali, ardhi iliyowaka chini kwa chini miaka mitatu bila mtu kuiwasha, ziwa lililolala buluu likaamka la rangi ya waridi. Watoto walitulia, watu wazima walibishana, na kwa kuwa picha za kipindi kile wakati mwingine zilikuwa hafifu, watu walisadiki kwa masikio, yaani walimsadiki yeye. Aliandika kwenye daftari kwamba hakuwahi kuwa na furaha kazini kama miaka ile mitatu ya kwanza, na sisi tuliomtembelea tunashuhudia, kwa sababu alikuwa akitusikilizisha samaki wakigonga bati kana kwamba ni mjukuu anayeanza kusema.

Mwaka 2004 ofisi ya kipindi ilipokea habari za mwanamke mmoja mfinyanzi, anayechimba udongo wake chini ya mlima mdogo safari ya siku nzima kutoka mjini, ambaye tangu ujana wake alikuwa akisema kwamba mlima ule huvuma. Aliusikia asubuhi za baridi, peke yake shimoni, na alipowaambia watu hawakusikia kitu, wakampachika jina la Mama Mvumo, na mumewe, baada ya miaka minne ya kutaniwa kilabuni, akamrudisha kwao akisema hawezi kulala na mke anayeongea na mlima. Alirudi kwao na mtoto mmoja wa kiume mgongoni, akajenga tanuru lake, akaendelea kufinyanga, na kila alipoulizwa, hata kwa dhihaka, alijibu vile vile, kwamba mlima unavuma, yeye afanyeje.

Marehemu alifika huko pamoja na mtangazaji, mpiga picha na mtayarishaji wa kipindi, mtu ambaye wote tulimwita Bosi Haraka, wakakaa siku tisa, tarehe 6 hadi 14 Agosti 2004. Siku ya kwanza kulikuwa na upepo mkali, na upepo ukipiga maiki hutoa kishindo kinachoharibu kazi, kwa hiyo marehemu alifanya kama fundi yeyote wa sauti angefanya, alibonyeza kitufe kidogo kilichoko ubavuni mwa kinasa sauti, ambacho kazi yake ni kukata ngurumo zote za chini. Siku ya pili upepo ulitulia, hakukibonyeza tena kukirudisha, wala ya tatu, wala ya tisa. Naomba mlishike hilo, kwa sababu yeye mwenyewe alilishika baada ya miaka kumi.

Kwa asubuhi tisa walishuka shimoni na Mama Mvumo, mara nne akanyanyua mkono na kusema, "Huo sasa," na mara nne marehemu, hedifoni masikioni, hakusikia kitu, na waliosimama pembeni wakatazamana. Asubuhi ya sita nyayo zake zilimwasha ndani ya viatu, akadhani ni baridi, akaandika kwenye karatasi ya kazi kwamba anunue soksi nzito. Walirudi mjini na mikanda yenye saa thelathini na moja za ukimya, tarehe ya kurushwa kipindi imeshatangazwa, na Bosi Haraka akamwambia maneno ambayo dada ameyaandika neno kwa neno, "Masikio, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sisi tunalisaidia tu kuja."

Hakumkatalia, na hapa daftari linasema wazi kwamba hakulazimishwa, hakutishwa wala hakuahidiwa kitu, alichoka tu, na aliona aibu kubwa zaidi ya kurudi mikono mitupu kuliko aliyoiona ya kudanganya. Alikwenda nyumbani mchana, hakuna mtu, akaweka maiki nyuma ya friji, akarekodi sauti yake dakika ishirini, akaipunguza kasi mpaka ikawa nzito, akaitandaza juu ya picha ya mlima na ukungu. Kule kukwama alikata kote isipokuwa mahali pamoja, kwa sababu Bosi Haraka alipapenda, akasema, "Hapo acha, hapo mlima unavuta pumzi."

Kipindi kilirushwa Jumamosi tarehe 23 Oktoba 2004, na familia ilikuwa imejaa sebuleni kwao, hata kochi halikutosha. Mlima ukavuma, watu wakashika midomo, na shemeji akageuza shingo polepole kutazama jikoni, kisha akatazama televisheni, kisha akatazama tena jikoni. "Hilo si letu?" akasema. "Mama wee, hilo ni friji letu, na hapo linapokwama ni kompresa!" Watoto walicheka mpaka wakaanguka kwenye zulia, na aliyecheka kuliko wote ni mdogo wake huyu anayewasomea, aliyekuwa amekalia mkono wa kochi. Dada hakucheka, alisema tu kwamba jambo hilo lisitoke nje ya mlango ule, na halikutoka, kwa hiyo aibu hii si ya mtu mmoja, tulikuwa kumi na moja. Jumatatu yake shemeji alibadilisha kompresa, kazi iliyomshinda miaka sita ilimchukua saa mbili, na ile sauti haikusikika tena nyumbani mwao.

Kule kijijini watu walitazama kipindi katika duka lenye televisheni, na kufikia kesho yake kila mtu alikuwa ameshausikia mlima tangu utotoni, mwenye duka aliusikia, mpiga kengele wa shule aliusikia, na yule mume aliyemrudisha mkewe kwao alikuwa akiwaeleza wapita njia jinsi yeye alivyokuwa wa kwanza. Wakaenda kwa Mama Mvumo kumpa mkono, wamwambie mwenzetu ulisema kweli, tusamehe, na hiyo ndiyo siku aliyoingojea miaka ishirini na mitatu. Alikuwa ametazama na yeye, amekaa kwenye gunia la sukari karibu kabisa na televisheni, akasikiliza mpaka mwisho. Akawaambia, "Siyo huo."

Wakadhani anatania, akarudia kwamba hiyo siyo sauti ya mlima, hajui ni ya kitu gani lakini siyo, na hapo kicheko cha zamani kikarudi kikiwa na meno mapya, kwa sababu mwanzo walisema anasikia kisichokuwepo, na sasa wakasema kilichopo hakisikii. Angeweza kunyamaza, ndugu zangu. Alihitaji kusema ndiyo tu, apokee mikono ya watu, mumewe aone haya, mwanawe atembee kifua mbele, na hakuna mtu duniani ambaye angejua, isipokuwa sisi kumi na moja wa sebuleni na Bosi Haraka.

Mwezi wa Februari 2005 marehemu alipata barua iliyoandikwa kwa mkono wa mwalimu wa shule ya pale kwa niaba ya Mama Mvumo, sentensi tatu, kwamba mliyotuonyesha siyo sauti ya mlima, kwamba mlima hauanzi masikioni, unaanzia miguuni, na kwamba naomba mrekebishe kwa sababu sasa naonekana mwongo mara mbili. Aliisoma amesimama kwenye korido ya ofisi, akaitia droo ya chini, akaweka mikanda juu yake. Tarehe 18 Machi mwaka huo alipanda jukwaani akapokea tuzo ya sauti bora ya mwaka, na picha ya siku hiyo ndiyo ile iliyo kwenye karatasi mliyoshika, na mtu akiitazama vizuri ataona kwamba wote tumecheka isipokuwa mwenye tuzo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya dada ilikuwa ndefu, kwa sababu ilikuwa na wasindikizaji wengi, na kila miaka ilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu kugeuka. Kuanzia mwaka 2010 alifundisha siku mbili kwa wiki katika chuo kile kile alichosoma, na wanafunzi wake walimwogopa na kumpenda, na tarehe 6 Mei 2014, saa tatu asubuhi, akiwa anawaeleza matumizi ya kile kitufe cha kukata ngurumo za chini, alisema maneno aliyokuwa akiyasema kila mwaka, kwamba ukisahau kukirudisha utapoteza kila kitu kilicho chini kabisa, hata kama kipo mbele yako. Wanafunzi waliandika "kipo mbele yako" wakangoja. Aliweka chaki mezani, akatoka, akakaa kwenye ngazi za chuo mpaka mlinzi akamletea maji, kwa sababu alikuwa ameona kidole chake kikibonyeza siku ya kwanza ya upepo, na hakukumbuka kukiona kikirudisha.

Alikwenda akaitafuta ile karatasi ya kazi, akakuta kitufe kimeandikwa kuwa kimewashwa, tarehe 6 hadi 14, kwa mwandiko wake mwenyewe, na chini yake, soksi nzito. Mpaka siku hiyo alikuwa amejisamehe kidogo, akijiambia kwamba mlima haukuvuma na yeye alimsaidia tu mama wa watu, ambaye labda alikuwa na tatizo la masikio. Sasa alijua kwamba labda ulivuma mara nne, yeye akiwa amesimama juu yake, na kwamba ameukata mwenyewe kwa kidole, akaweka friji mahali pake, akapewa tuzo.

Hata hivyo ilimchukua miezi minne na nusu kupanda basi. Tarehe 20 Septemba 2014 alimkuta Mama Mvumo nyuma ya nyumba, udongo umempanda mpaka viwikoni, akasimama mbele yake akamweleza yote, friji, kukwama, barua kwenye droo, kitufe, na yule mama hakuacha kufinyanga mpaka shingo ya mtungi ikakamilika. Kisha akamuuliza swali moja tu, "Friji la kwenu lina rangi gani?" Dada akajibu nyeupe. Yule mama akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Nyeupe. Miaka kumi nimetukanwa kwa ajili ya kitu cheupe cha kuwekea maziwa."

Alimlaza kwake, akamlisha, na asubuhi ya baridi akamshusha shimoni bila viatu, wakasimama pamoja muda mrefu sana kwenye udongo, dada akiomba moyoni nyayo zimwashe, hata kidogo, apate kusema nimeusikia. Hakuna kilichokuja. Akamtazama mwenyeji wake, ambaye kwa neno moja angeweza kumpa mgeni aliyetoka mbali kile alichokifuata, na mwenyeji akasema tu, "Leo haupo," akaanza kuchimba. Daftari linasema kwamba aibu ya kudanganya aliizoea, lakini aibu ya asubuhi ile hakuizoea mpaka anakufa, kwa sababu alikuwa na hedifoni, mikanda na cheti cha wa kwanza darasani, na aliyekuwa mkweli katika kazi ya sauti ni mwanamke mwenye jembe.

Walipoagana alimwomba msamaha, akataka na kumwachia pesa, na Mama Mvumo akazirudisha kwenye mkoba wake kwa mikono ile ile ya udongo. "Pole yako sina pa kuiweka, mwanangu," akamwambia. "Mlinidanganyia watu kwenye televisheni. Niambie huko huko, wanisikie." Dada akasema atasema, na mwenzake akasema sawa, nangoja.

Alingoja miaka mitano, dada akitafuta namna, mara ameandika barua kwa wakubwa wa kituo akaichana, mara anangoja astaafu, akastaafu tarehe 30 Juni 2017 na bado anangoja. Nafasi ikamfuata yenyewe Jumamosi tarehe 16 Novemba 2019, kituo kilipofanya kipindi maalumu cha kuikumbuka Mbona Hivi?, moja kwa moja, wakamwalika yeye na Bosi Haraka, na siku mbili kabla alimpigia simu Mama Mvumo kupitia kwa mkwe wa huyo mama, mke wa yule mwanawe, akamwambia kaa pale dukani utazame, nakwenda kusema. Mama wa watu akavaa nguo nzuri, akaenda akakaa mbele, akawaambia walioko dukani nyamazeni msikilize. Na mtangazaji akauliza, "Tuambie kuhusu ule mlima," na wageni studioni wakapiga makofi hata kabla hajajibu, na dada yetu, ambaye hakuwahi kuazima mlio wa mlango, akatabasamu akasema, "Ule mlima una sauti ya kipekee sana."

Sisi tulimwambia alifanya vizuri, kwamba Bosi Haraka alikuwa mgonjwa, na kweli alifariki mwaka uliofuata, isingekuwa utu kumvua nguo mbele ya watu. Kwenye daftari ameandika kwamba sababu hiyo aliitafuta baadaye, akiwa kwenye teksi, na kwamba sababu yenyewe ni kuwa alipenda yale makofi. Jioni ile ile ulifika ujumbe kwenye simu yake kutoka kwa mkwe wa Mama Mvumo, aliyeambiwa auandike kama ulivyo, neno moja, "Nimekusikia."

Mwezi wa Novemba 2020 marehemu alianza kuvimba miguu, akagundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na kuanzia Januari 2021 akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali ya karibu na soko la vitambaa, ambako hakuacha ukorofi wake, akawaambia wauguzi kwamba mashine ya tatu kutoka dirishani beringi yake inakufa, wakacheka, na Alhamisi yake ikafa. Safari ya siku nzima haikuwezekana tena. Wiki tatu kabla ya kifo chake alimwita mdogo wake huyu, akampa daftari, akasema Mama Mvumo aitwe mazishini, na haya yasomwe mbele ya watu, na alipoambiwa, "Dada, si upone uende mwenyewe," akajibu, "Nilikuwa mzima miaka kumi na sita. Nilienda wapi?" Alifariki tarehe 19 Aprili 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini, miezi kumi na siku kumi na sita, binti yake akiwa amemshika mkono.

Kikao cha familia kilikaa jana barazani, na tuwe wakweli, kiliamua sehemu hii irukwe. Baba mdogo alisema marehemu hasemwi, wajomba wakaunga mkono, watoto wake wawili walikuwa wakilia, na mdogo wake huyu, kwa hofu yake, alikuwa ameshakunja kurasa tatu na kuzitia mfukoni. Aliyesimama ni shemeji, ambaye tangu msiba utokee hajazidisha maneno kumi, akasema, "Zisomeni zote. Friji lilikuwa langu." Akakaa, na hakuna aliyebisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia hata alipowafundisha kazi, inawashukuru majirani wa ghorofa na mwenye duka la rangi aliyefunga duka siku tatu ili tupate pa kukaa, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa redio na televisheni, na wakubwa wa kituo waliopo hapa, ambao wamesikia yote leo kwa mara ya kwanza, na ambao tuzo ile wataichukua pale mezani wakati wa kutoka, tumeifunga kwenye gazeti. Inamshukuru mwalimu aliyeandika ile barua ya sentensi tatu, ambaye tumeambiwa amestaafu na hasikii vizuri.

Mama Mvumo yupo. Ni yule mama aliyekaa safu ya mwisho karibu na mlango, na mkwewe pembeni yake, alifika jana na basi la jioni, amekula, amelala, na hajasema kitu, wala hatukumuuliza. Mama, mbele ya watu hawa, dada yetu alidanganya, na sisi tulijua tukacheka, na wewe ulisema siyo huo, na kweli haukuwa huo. Tunajua ulitaka jambo hili lisemwe pale dukani walipokucheka, si hapa ulipo mgeni, kwa hiyo tarehe 6 Mei tutakuja, wote tuliobaki kati ya wale kumi na moja, na tutalisema tena pale pale, ukituruhusu.

Katika ukurasa wa mwisho wa daftari marehemu ameomba historia yake isimalizwe na yale maneno matatu tuliyozoea kuyasema kwa kila mtu, kwa kuwa yeye anajua anachodaiwa na sisi ukoo wake hatuna mamlaka ya kumfutia. Kwa hiyo sisi tutasema la kwanza tu, na mawili yanayofuata tunamwachia mama yule wa karibu na mlango, ayaseme leo, au siku nyingine, na asipoyasema kabisa, hatutamlaumu.

Pumzika, dada.